Windows 11 imeikataa kadi yako ya sauti ya zamani? Ifufue hivi

Tangu Microsoft ilipofunga huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maswali ni yale yale. "Nimepandisha Windows 11, kadi ya sauti haisomi." "Taa inawaka lakini FL Studio, programu yangu ya kurekodi, haiioni." "Maiki ilikuwa inaingia vizuri juzi, leo kimya." Kisha linafuata la mwisho: "Ninunue nyingine?"

Usinunue kwanza. Mara nyingi kadi ni nzima. Kilichokwama ni draiva, ile programu ndogo inayozifanya kompyuta na kadi zielewane. Windows inapopandishwa huweza kubeba mabaki ya draiva ya zamani, kuizuia isifanye kazi kwa sababu za usalama, au kugeuza mipangilio bila kukuuliza. Kila tatizo kati ya hayo lina dawa yake, na ukichanganya dawa utazidi kuharibu. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zifuatwe kwa mpangilio wake.

Mwongozo huu ni wa kadi za USB: Focusrite Scarlett za toleo la kwanza, Behringer UMC na UM2, PreSonus AudioBox, Steinberg UR22, M-Audio na jamaa zao. Wenye Mac wana sehemu yao fupi karibu na mwisho. Majina ya menyu yameachwa kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyatafuta.

Andaa hivi kabla ya kugusa chochote

- Jina kamili la kadi pamoja na toleo lake. Igeuze, soma kibandiko cha chini, piga picha. "Scarlett 2i2" peke yake haitoshi, kwa kuwa kuna toleo la kwanza, la pili, la tatu na la nne, na draiva zake si lazima ziwe moja.
- Waya wa USB unaopitisha data, usiozidi mita 2. Kadi nyingi za zamani zina tundu la mraba kama la printa. Tafuta na waya wa pili wa akiba, hata ukiuazima kwenye printa.
- Adapta ya umeme ya kadi, kama inatumia. Hakikisha volti, miliampia na upande wa chanya vinalingana na kilichoandikwa kwenye kadi.
- Nywila ya akaunti ya msimamizi wa kompyuta. Bila hiyo huendi popote.
- Hedifoni na maiki moja unayojua kwa hakika kuwa ni nzima.
- Intaneti. Draiva yenyewe ni ndogo, lakini Windows ikishika mtandao hupenda kushusha masasisho yake ya gigabaiti kadhaa na kukumalizia bando. Ukitumia simu kama hotspot, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo uwashe "Metered connection".
- Nakala ya kazi zako kwenye diski ya nje, na alama ya kurudi nyuma: andika "Create a restore point" kwenye sehemu ya kutafutia, chagua diski C, bofya "Create".

Kama kompyuta inatumia BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa siri, pata funguo yake ya kufungulia na uiandike kwenye karatasi sasa hivi. Hatua ya 7 inaweza kuifanya kompyuta iidai, na hapo si wakati wa kuanza kukumbuka barua pepe uliyotumia.

Hatua 1: Kama una kazi kesho, rudi nyuma

Ukipandisha Windows 11 juu ya Windows 10, una siku 10 za kubadilisha mawazo. Nenda "Settings", kisha "System", kisha "Recovery", utaona "Go back". Mafaili yako yanabaki, ila programu ulizosakinisha baada ya kupandisha zitaondoka. Kwa mtu mwenye msanii anayekuja kesho asubuhi hii ndiyo njia ya busara. Tafuta muda mwingine wa kuhangaika.

Kosa linalowanyima watu nafasi hii ni kufuta "Previous Windows installation(s)" ili kupata nafasi kwenye diski. Ukishalifuta folda hilo, kitufe hakifanyi kazi tena.

Hatua 2: Hakikisha kompyuta inaiona kadi

Chomoa kadi. Bofya kitufe cha kulia cha mausi kwenye alama ya Windows, fungua "Device Manager", liache dirisha wazi. Sasa chomeka kadi moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanya USB, huku ukiliangalia dirisha lile. Orodha ikijionyesha upya, kompyuta imehisi kitu. Isipotikisika hata kidogo, badilisha tundu, kisha badilisha waya. Taa ya kadi kuwaka haithibitishi lolote: umeme unapita kwenye nyaya mbili, data inapita kwenye nyaya nyingine mbili, na za data zinaweza kuwa zimekatika.

Kadi ikionekana, angalia imekaa wapi. Ikiwa chini ya "Sound, video and game controllers" bila alama ya njano, Windows imeipokea. Ruka hadi hatua ya 3 ujue kama unahitaji kitu zaidi. Ikiwa na alama ya njano, ibofye mara mbili usome namba ya kosa:

- Code 28: hakuna draiva kabisa. Hili ndilo jepesi kuliko yote.
- Code 10: draiva ipo lakini kadi haikuweza kuanza. Mara nyingi ni draiva ya zamani iliyobaki, au umeme mdogo wa USB.
- Code 39: Windows imeshindwa kuipakia draiva. Faili limeharibika, au limezuiwa na ulinzi wa kumbukumbu (hatua ya 7).
- Code 52: saini ya kidijitali ya draiva haikubaliki.
- Code 43: kadi yenyewe imetoa taarifa ya hitilafu. Jaribu waya na tundu jingine kabla ya kuishuku kadi.

Andika namba hiyo. Ukienda kuomba msaada bila namba, utaulizwa hiyo kwanza.

Hatua 3: Jua kadi yako ni ya aina gani

Kuna kadi zinazofuata kanuni ya jumla ya sauti ya USB, hizi hazihitaji draiva ya mtengenezaji ili zitoe na kupokea sauti. Behringer UCA202 na UM2 zimo humu, na zikichomekwa hujitokeza kwa jina la "USB Audio CODEC", si kwa jina la Behringer. Wengi huliona jina hilo wakadhani ni kitu kingine, wakaendelea kutafuta kadi yao. Ndiyo hiyo.

Kanuni hiyo ina matoleo mawili. La kwanza Windows inalielewa tangu zamani. La pili ilianza kulielewa yenyewe kwenye Windows 10 toleo 1703 la mwaka 2017. Kwa hiyo baadhi ya kadi zilizokuwa zinalilia draiva enzi za Windows 7 leo zinaweza kusoma bila kitu.

Kadi za kundi la pili zina lugha yake zenyewe, na bila draiva ya mtengenezaji ni kipande cha chuma tu. Digidesign Mbox 2 ni mfano mzuri. Kama draiva ya kadi ya namna hiyo iliishia Windows 7, tegemea safari ngumu.

Kadi ya kundi la kwanza ikikubali kusoma, unaweza kuruka moja kwa moja hadi hatua ya 8 na 9. Usisakinishe draiva ya mwaka 2010 eti kwa sababu tu umeipata.

Hatua 4: Safisha mabaki

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoponya kadi nyingi. Kusakinisha draiva mpya juu ya mabaki ya zamani huzaa Code 10 na kadi inayoonekana mara mbili.

Chomoa kadi kwanza. Nenda "Settings", "Apps", "Installed apps", uondoe kila programu yenye jina la mtengenezaji wa kadi. Washa upya kompyuta.

Rudi kwenye "Device Manager", fungua menyu ya "View", chagua "Show hidden devices". Chini ya "Sound, video and game controllers" utaona majina yaliyofifia. Hayo ni ya vifaa vilivyowahi kuchomekwa. Bofya la kadi yako kwa kitufe cha kulia, chagua "Uninstall device", na kama kuna kisanduku cha kuondoa pamoja na draiva, kitie tiki.

Bado kuna ghala la draiva ndani ya Windows ambalo halisafishwi kwa njia hiyo kila mara. Fungua "Terminal" kama msimamizi, andika:

pnputil /enum-drivers

Itamwagika orodha ndefu. Tafuta palipoandikwa jina la mtengenezaji kwenye mstari wa "Provider Name", kisha juu yake soma jina la faili, mathalani oem23.inf. Kisha:

pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall

Weka namba uliyoiona kwako, usinakili hiyo 23. Na usiguse mistari ya Intel, Realtek, AMD au Microsoft. Hapo utaua Wi-Fi au skrini kwa ajili ya kadi ya sauti. Ukimaliza, washa upya.

Hatua 5: Tafuta draiva sahihi

Ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukurasa wa modeli yako na toleo lako. Kama Windows 11 haijatajwa, chukua ya Windows 10 ya biti 64. Kwa kadi nyingi inafanya kazi, kwa kuwa msingi wa mifumo hii miwili unafanana sana. Mambo mawili yatakukwamisha bila dawa. La kwanza, draiva ya biti 32: Windows 11 haina toleo la biti 32, na draiva ya biti 32 haiendeshwi kwenye biti 64 kama programu za kawaida. La pili, laptopu zenye prosesa za ARM, zile za Snapdragon: hizo zinataka draiva iliyoandikwa kwa ARM64, na kadi za zamani nyingi hazina.

Programu zinazojinadi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziache zilipo. Zitakuletea draiva ya kadi nyingine inayofanana jina, na matangazo juu.

Hatua 6: Sakinisha

1. Kadi iwe imechomolewa. Usiichomeke hadi kisakinishi kikuambie, au hadi umemaliza.
2. Kama faili ni zip, lifungue kwanza kwenye folda la kawaida. Kuliendesha likiwa bado ndani ya zip huacha mafaili nusu.
3. Bofya kisakinishi kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator".
4. Windows ikiuliza kama unamwamini mtengenezaji, kubali.
5. Chagua "Restart". Usizime kwa "Shut down" ukawasha tena ukadhani ni sawa: kwenye kompyuta nyingi "Fast startup" huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski, hivyo kuzima huko si kuzima kamili.
6. Chomeka kadi kwenye tundu la USB utakalolitumia siku zote. Subiri dakika moja.

Kisakinishi kikigoma kwa kusema mfumo wako hautambuliki, bofya faili kwa kitufe cha kulia, "Properties", "Compatibility", uchague Windows 8 au 7. Elewa lakini kwamba hiyo inamlaghai kisakinishi tu. Draiva yenyewe haidanganyiki. Njia ya pili ni kuipitishia mlango wa nyuma: kwenye "Device Manager" bofya kadi yenye alama ya njano, "Update driver", "Browse my computer for drivers", kisha onyesha folda lenye faili la .inf.

Hatua 7: Draiva ikizuiwa na ulinzi wa Windows

Njoo hapa kama una Code 39 au 52 tu, au kama Windows imekuambia draiva haiwezi kupakiwa. Kama huna, pita.

Fungua "Windows Security", "Device security", "Core isolation details". Angalia "Memory integrity". Ikiwa imewashwa, kuna draiva za zamani ambazo haiziruhusu. Ukiizima na kuwasha upya kompyuta, kadi inaweza kuamka papo hapo. Bei yake ni ulinzi: umefungua mlango ambao virusi vya ngazi ya chini hupenda kupitia. Kwenye kompyuta ya studio isiyofanya miamala ya benki na isiyoshusha programu za wizi, ni bei inayolipika. Kwenye laptopu ya ofisi au ya familia nzima, hapana. Afadhali kadi ipumzike.

Kwa Code 52 kuna njia ya kupima. Shikilia Shift huku ukibofya "Restart", kisha "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", halafu bonyeza 7. Windows itawaka bila kukagua saini za draiva, lakini kwa safari hiyo moja tu. Ukiwasha upya, ukaguzi unarudi na kadi inazima tena. Kwa hiyo ni kipimo cha kujua tatizo liko wapi. Anayekuambia ndiyo dawa hajawahi kuitumia siku mbili mfululizo.

Hatua 8: Ruhusa na mipangilio ya sauti

Hapa ndipo wanapokwama wale ambao kadi inasoma, spika zinalia, lakini maiki haiingii. Nenda "Settings", "Privacy & security", "Microphone". Washa "Microphone access", kisha shuka chini kabisa uwashe "Let desktop apps access your microphone". Programu za kurekodi ni za kundi hilo la chini. Bila ruhusa, programu itarekodi mstari ulionyooka bila kulalamika.

Kisha bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl. Kwenye kichupo cha "Playback" na cha "Recording" fungua kadi yako, "Properties", "Advanced". Weka kiwango cha sampuli kimoja pande zote mbili: 48000 kama unafanya video, 44100 kama ni muziki. Namba hiyo hiyo iwe kwenye programu yako ya kurekodi. Zikitofautiana, programu inaweza kukataa kuifungua kadi, au sauti ikatoka nzito na ya kuvutwa. Ukiona "Audio enhancements", zizime.

Kwenye kichupo cha "Listen" hakikisha "Listen to this device" haina tiki, la sivyo utajisikia mwangwi usiojua unatoka wapi.

Hatua 9: Unganisha na programu ya kurekodi

Kwenye Reaper: "Options", "Preferences", "Audio", "Device", chagua ASIO (njia ya kupitisha sauti haraka kati ya kadi na programu) kisha draiva ya kadi. Kwenye Cubase: "Studio", "Studio Setup", "Audio System". Kwenye FL Studio: "Options", "Audio settings", angalia usije ukachagua "FL Studio ASIO" ukadhani ni ya kadi, hiyo ni ya programu yenyewe. Kwenye Audacity chagua "Windows WASAPI".

Kama bado unatumia toleo la biti 32 la programu yako, huenda likaiona kadi au lisiione, kwa sababu linatafuta ASIO ya biti 32. Hamia toleo la biti 64.

Bafa, yaani idadi ya sampuli za sauti ambazo kompyuta inazikusanya kabla ya kuzichakata, anza na 256. Kwa 44100 hiyo ni karibu milisekunde 5.8 kwa upande mmoja, kuingia na kutoka ni zaidi kidogo ya mara mbili yake. Mwimbaji anavumilia. Ukisikia mikwaruzo panda 512. Wakati wa kuchanganya sauti weka 1024, hapo hakuna anayeimba. Kadi yenye kitufe cha "Direct Monitor" inamwezesha mwimbaji kujisikia bila kusubiri kompyuta, na kwa laptopu dhaifu ndiyo njia bora kuliko kubana bafa.

Kuhusu ASIO4ALL

Hii inastahili kichwa chake, maana inapendekezwa kila mahali kama panadol. ASIO4ALL si draiva ya kadi. Inakaa juu ya draiva ya Windows na kuifanya izungumze ASIO. Kama "Device Manager" haiitambui kadi yako, ASIO4ALL haitaiona pia, hata uisakinishe mara saba.

Inafaa kwa kadi kama UM2 na UCA202 zisizo na ASIO yake zenyewe. Ukiifungua, washa kadi yako kwenye orodha na uzime Realtek, ile sauti ya ndani ya kompyuta. Zikiwaka zote mbili sauti itakwaruza. Funga kivinjari na YouTube kwanza, kwa sababu inataka kuishika kadi peke yake. Kama kadi yako ina ASIO ya mtengenezaji inayofanya kazi, achana na hii.

Kwa wenye Mac

Kadi nyingi za USB kwenye Mac hazitaki draiva. Ondoa ya zamani kwa kutumia programu yake ya kuondolea, washa upya, chomeka, fungua "Audio MIDI Setup" uangalie kama ipo. Kisha "System Settings", "Privacy & Security", "Microphone", uiruhusu programu yako ya kurekodi. Kadi ikionekana lakini imeganda, fungua "Terminal" uandike sudo killall coreaudiod. Huduma ya sauti itajiwasha yenyewe upya.

Programu na paneli za biti 32 zilikatwa na macOS Catalina mwaka 2019. Kadi inayolazimisha draiva ya ndani ya mfumo, kwenye Mac zenye chipu za Apple, inadai uzime kompyuta, ushikilie kitufe cha kuwashia hadi "Options" itokee, uingie "Startup Security Utility" na kuchagua "Reduced Security". Na kadi za FireWire, hata zile zilizokuwa zinaishi kwa adapta za Thunderbolt, zimefungiwa mlango na macOS Tahoe ya mwaka 2025. Ukiwa na moja, usipandishe.

Ikigoma bado

*Inasoma, baada ya dakika kadhaa inapotea.* Windows inaipunguzia umeme USB. Kwenye "Control Panel", "Power Options", ingia mipangilio ya juu, "USB settings", uzime "USB selective suspend". Kwenye laptopu nyingine chaguo hilo limefichwa. Basi kwenye "Device Manager" fungua kila "USB Root Hub", kichupo cha "Power Management", utoe tiki.

*Maiki ya kondensa haitoi sauti, ya kawaida inatoa.* +48V, umeme unaoiendesha maiki ya kondensa, haifiki. Kadi huzalisha volti hizo kutokana na volti 5 za USB, na tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500 tu. Ondoa kigawanya USB, chomoa diski ya nje, tumia adapta kama kadi inayo.

*Kuna mvumo kwenye hedifoni.* Chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikatika, tatizo ni umeme, kadi haina kosa. Soketi zisizo na waya wa ethi ni nyingi, na chaja bandia zinaongeza kelele. Rekodi kwa betri, au tafuta soketi yenye ethi ya kweli.

*Sauti inaingia sikio moja.* Umechagua ingizo la stereo wakati maiki ni moja. Chagua "Input 1" ya mono.

*Najisikia mara mbili.* "Direct Monitor" ya kadi na usikilizaji wa ndani ya programu vimewaka pamoja. Zima kimoja.

*Mikwaruzo haiishi hata kwa bafa 1024.* Endesha programu ya LatencyMon kwa dakika 10, itakuonyesha draiva inayochelewesha mfumo. Mara nyingi anayekamatwa ni Wi-Fi. Izime ukiwa unarekodi.

*Nimefanya yote, haisomi.* Tengeneza flashi ya Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta, kwa programu ya Rufus, GB 16 inatosha, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo na kuchagua kujaribu bila kusakinisha. Chomeka kadi, andika arecord -l kwenye "Terminal". Kadi ikitokea, ni nzima, na tatizo ni Windows. Isipotokea kwa kadi ya kundi la kwanza, wala kwenye kompyuta ya pili, mpelekee fundi aangalie tundu la USB. Miguu ya tundu lile la mraba hulegea kwa kuchomwa na kuchomolewa miaka mingi, na kuilehemu upya ni kazi ndogo.

Kwa kadi ambayo draiva yake iliishia Windows 7, kompyuta kuukuu yenye mfumo wake wa zamani, isiyounganishwa na intaneti, inafaa kabisa kuwa mashine ya kurekodia. Kazi unaihamisha kwa flashi.

Kadi ikishakubali, nakili faili la draiva ulilotumia kwenye flashi, na uliandike jina la kadi, toleo la draiva na tarehe. Watengenezaji huondoa kurasa za modeli za zamani, na Windows itapandishwa tena. Vilevile ukienda kununua kadi ya mtumba, fungua kwanza ukurasa wa draiva wa modeli hiyo kwenye simu ukiwa palepale dukani, kabla hujatoa hela.